Wasomaji wanauliza: bwawa, kingo zake na wanaokwenda kupumzika huko

Barua tulizopokea safari hii zimetoka kwa watu wa namna tatu: wenye boti, wenye watoto, na wanaosimamia mabwawa wakitaka watu waje kupumzika. Majibu yetu karibu yote yanaanzia mahali pamoja. Bwawa si ziwa. Ziwa hupandishwa na mvua na kushushwa na jua, lakini bwawa lina mtu anayeshika ufunguo wa milango yake, na kina ulichokiacha jana si lazima ukikute leo.

Tulipiga hema hatua chache kutoka majini. Asubuhi maji yalikuwa yameingia ndani, na usiku kucha hapakunyesha hata tone. Tulikosea wapi?

Hema lenu lilikuwa ndani ya bwawa, ingawa ardhi ilikuwa kavu.

Maji ya bwawa kubwa hupangwa kwa matabaka. Chini kabisa kuna maji mfu, yaliyo chini ya tundu la mwisho la kutolea maji. Hayo hayatoki, na ndiko tope hulala. Juu yake kuna maji ya kazi, yaani ya kunywa, ya kumwagilia au ya kuzungusha mitambo ya umeme. Juu zaidi, katika mabwawa mengi, kuna nafasi inayoachwa tupu makusudi ili ipokee mafuriko. Nafasi hiyo ya tatu ndiyo humvutia mpiga kambi: tambarare, majani mafupi, hakuna vichaka. Mvua inaweza kunyesha kilomita 100 huko juu mtoni, wasimamizi wakafunga milango usiku ili kuwalinda wanaoishi chini ya ukuta, na maji yakapanda kimya kimya hadi kwenye mito yenu ya kulalia.

Kabla ya kupiga hema, soma kingo. Tafuta mstari wa vijiti, chupa na takataka uliobebwa na maji. Mara nyingi ipo zaidi ya mmoja, na unaokuhusu ni ule wa juu kabisa. Angalia miti mikubwa inaanzia wapi. Angalia pia mawe, kwa kuwa sehemu iliyokaa chini ya maji huwa na rangi iliyopauka. Lala juu ya alama hizo zote, na usipungue mita 60 kutoka majini, yaani hatua 80 hivi za mtu mzima. Umbali huo huo ni wa kuosha vyombo na wa kuchimba shimo la haja, lenye kina cha sentimita 15 hadi 20. Korongo kavu linaloingia bwawani si mahali pa kulala kamwe.

Maji yakishuka, hatari inageuka kuwa tope. Juu limekauka na kupasuka vipande, chini ni uji. Aliyezama mguu asikanyage kwa nguvu mguu wa pili ili achomoe wa kwanza, maana atazamisha yote miwili. Aketi au alale chali ili uzito utawanyike, autikise mguu taratibu mpaka maji yaingie kandokando yake, auvute polepole, kisha atambae kurudi alikotoka.

Kwenye bwawa letu magari huteleza kila mara watu wanaposhusha boti. Mteremko uliojengwa vizuri unakuwaje?

Mwinamo unaofaa ni asilimia 12 hadi 15: kwa kila mita 1 ya mlalo, ushuke sentimita 12 hadi 15. Ukilala zaidi ya hapo, gari hulazimika kuingia majini hadi ekseli ndipo boti ielee. Ukisimama zaidi, tairi hupoteza mshiko wakati wa kuvuta, hasa boti ikiwa nzito na imelowa.

Uso wake uwe wa zege iliyochorwa mifereji ya mshazari wakati ingali mbichi, ili maji na utelezi viteremke kando. Zege iliyopigwa plasta laini inapendeza siku ya uzinduzi tu. Baada ya miezi michache mwani huota juu yake, na hapo ndipo magari yenu yanapoteleza. Piga brashi ngumu mara kwa mara sehemu inayolowa na kukauka.

Kosa kubwa zaidi hufanyika kwenye urefu. Mjenzi huja bwawa likiwa limejaa, huishia pale panapomtosha siku hiyo, kisha kiangazi mteremko unaning'inia juu ya tope. Guu la mteremko, yaani mwisho wake wa chini, liwe karibu mita 1 chini ya kiwango cha chini kabisa mnachotarajia. Hata wakubwa wameonjeshwa hili. Ziwa Mead, ambalo kwa kweli ni bwawa nyuma ya ukuta wa Hoover huko Marekani, likijaa hufika karibu mita 374 juu ya usawa wa bahari. Julai 2022 lilikuwa limeshuka hadi mita 317 hivi, na njia nyingi za kushushia boti zikafungwa kwa sababu maji yalikuwa yamezikimbia.

Jambo la pili linaloharibu miteremko ni wenye boti wenyewe. Badala ya kuivuta boti kwa winchi, huipandisha kwenye trela kwa nguvu ya injini. Mkondo wa rafadha, yaani pangaboi la injini, huchimba kokoto mahali zege inapoishia na kuzirundika nyuma yake. Linabaki shimo, na nyuma ya shimo kuna kichuguu. Trela linalofuata hutumbukiza tairi shimoni na kuvunja ekseli, na boti nyingine hukwaruza tumbo kwenye kichuguu. Wekeni mawe makubwa kwenye guu la zege, na bango linalotaka injini izimwe wakati wa kupandisha.

Utaratibu wa kushusha nao una mpangilio wake. Kando, kabla hujaingia kwenye mteremko: funga kizibo cha tundu la kutolea maji, fungua mikanda, funga kamba mbele na nyuma ya boti, chomoa waya wa taa za trela. Gusa vitovu vya magurudumu. Vikiwa vya moto baada ya safari, subiri vipoe, kwa sababu kitovu cha moto kikitumbukizwa ghafla hunyonya maji kupitia sili na beringi hufa mapema. Teremka kinyumenyume, mkanda wa dereva umefunguliwa na madirisha ya gari yameshushwa, mpaka magurudumu ya trela yazame. Vuta breki ya mkono, kinga tairi kwa kabari, na mtu ashike kamba ya mbele kabla ya kulegeza winchi. Boti ikishaelea, ondoka. Kupanga vikapu na vifaa vya uvuvi kufanyike kando.

Tunasimamia lambo la udongo ambalo tumelifungua kwa wavuvi na familia. Tumepanda miti juu ya tuta ili iwe kivuli, na sasa tunataka kuziba utoro wa maji (njia ya kumwaga maji yanayozidi) kwa wavu ili samaki wasitoroke. Tunaomba ushauri.

Acheni wavu, na miti iondoke. Tunasema hivyo kwa msisitizo, kwa sababu kila kimoja peke yake kinaweza kuangusha tuta.

Mti ukiwa hai, mizizi yake hupenya udongo ulioshindiliwa kwa kazi kubwa. Ukifa, mizizi huoza na kuacha vijibomba ambavyo maji huvifuata. Ukiangushwa na upepo, huondoka na bonge la tuta. Na hata kabla ya hayo, kivuli chake huua nyasi zinazoshika udongo na kuficha mashimo ya wanyama wachimbaji. Miche na miti midogo ing'oeni sasa na mizizi yake, kisha jazeni udongo kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila tabaka likishindiliwa kabla ya jingine. Miti mikubwa msiiguse bwawa likiwa limejaa: kwanza maji yashushwe, na mhandisi wa mabwawa awe amepaona. Kivuli cha wageni kipandwe mita 8 au zaidi kutoka kwenye guu la tuta, au upande wa pili kabisa wa maji. Juu ya tuta ziwepo nyasi fupi tu, ili mtu anayepita aone kila ufa.

Sasa wavu. Utoro wa maji ndio mlango pekee wa bwawa usiohitaji mtu kuufungua. Mvua kubwa hushusha majani, matawi na magogo, na wavu hukusanya vyote hivyo saa ile ile utoro unapotakiwa kuwa wazi. Maji yanayokosa njia hupanda hadi juu ya tuta, na tuta la udongo likishapitiwa na maji juu yake huliwa haraka sana.

Limewahi kutokea, na lilitokea kwenye bwawa la starehe. Bwawa la South Fork, Pennsylvania, Marekani, lilikuwa mali ya klabu ya uvuvi na uwindaji. Kichwa cha tuta kilikuwa kimepunguzwa ili magari ya farasi yapishane, wavu wa kuzuia samaki ulikuwa umewekwa kwenye utoro, na mabomba ya chini ya kutolea maji yalikuwa yameng'olewa bila kurudishwa. Mei 31, 1889, baada ya mvua kubwa, tuta lilipasuka na maji yakaufikia mji wa Johnstown. Watu zaidi ya 2,200 walikufa.

Mkitaka kupunguza samaki wanaopotea, panueni utoro badala ya kuuziba. Utoro mpana hupitisha maji ya kina kifupi, na samaki wakubwa wachache ndio hupita humo. Waliobaki wanaotoka, waacheni watoke.

Angalieni pia njia ya miguu na pikipiki juu ya tuta. Ule umbali kati ya maji yaliyojaa na kichwa cha tuta ni akiba yenu ya usalama, na mtaro wa sentimita 20 uliochimbwa na tairi umeila sentimita 20. Maji yakija kupita juu, yatapita hapo kwanza. Jazeni, shindilieni, kisha wekeni kizuizi.

Mwisho, mvujo. Kila wiki mtu mmoja atembee guu la tuta kutoka mwanzo hadi mwisho, na daima awe ni yule yule, kwa kuwa anayepajua ndiye atakayegundua mabadiliko. Akiona maji yanatoka, akinge kwa chombo cha lita 1, ahesabu sekunde mpaka kijae, aandike idadi hiyo pamoja na kina cha bwawa siku hiyo. Mvujo mdogo, maji maangavu, kiasi kile kile kila wiki: mara nyingi huo unavumilika, ila uendelee kupimwa. Mvujo unaoongezeka wakati bwawa halijapanda, au maji yenye tope, maana yake udongo wa ndani unabebwa nje. Hapo anzeni kushusha maji, waonyeni walio chini, mwiteni mhandisi siku hiyo hiyo. Msiuzibe kwa udongo wa mfinyanzi upande wa nje. Shinikizo litatafuta pengine. Kinachosaidia kwa dharura ni kuufunika kwa mchanga kisha kokoto, ili maji yapite na udongo ubaki. Bwawa la Teton, Idaho, likiwa linajazwa kwa mara ya kwanza, lilionekana kuvuja maji ya tope asubuhi ya Juni 5, 1976. Kabla ya saa sita mchana lilikuwa limebomoka.

Kama mnataka kujua mnalinda nini, zidisheni urefu wa tuta kwenye usawa wa maji yaliyojaa, umbali ambao maji yanarudi nyuma bondeni, na kina kirefu zaidi penye tuta, kisha gawanyeni kwa 6. Tuta la mita 120, maji yanayorudi nyuma mita 300, kina cha mita 5: ni meta za ujazo 30,000 hivi. Hizo ni tani 30,000 za maji yanayozuiwa na udongo wenu usiku na mchana.

Mwanangu ni muogeleaji hodari kwenye vidimbwi vya vigae. Je, naweza kumwachia bwawani bila jaketi okozi?

Hapana. Kidimbwi cha vigae hakimfundishi mambo mawili.

La kwanza ni baridi. Wakati wa joto, maji ya bwawa hujitenga: juu vuguvugu, na mita 5 hadi 10 chini kuna tabaka la baridi linaloanza ghafla. Upepo unaovuma kutoka nchi kavu husukuma maji ya juu kwenda katikati, na ya baridi hupanda kwenye ukingo ule ule mliozoea kuogea. Maji yaliyo chini ya nyuzi 15 humfanya mtu avute pumzi kwa nguvu bila kupenda, na kuhema ovyo kwa dakika 1 hadi 3. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati wa pumzi hiyo ya kwanza, uhodari wa kuogelea haumsaidii kitu. Mfundishe hivi: ukishikwa na baridi usiogelee, lala chali, elea, ngoja pumzi itulie, ndipo utafute ukingo.

La pili ni sakafu. Sakafu ya bwawa ni bonde lililozama, lina kingo za mto wa zamani, visiki, nguzo za ua, misingi ya nyumba. Hatua moja hukutoa kwenye maji ya kifua hadi maji ya mita 6. Ndiyo maana hakuna kuruka kichwa mbele hata pale mliporuka mwaka jana, kwani kina kimebadilika na kisiki hakijaondoka. Kaeni mbali na mnara wa kuchukulia maji na utoro. Na chini ya ukuta, maji huachiliwa ghafla, kwa hiyo king'ora kikilia pandeni juu bila kukusanya vitu. Uso wa ukuta wenyewe una utelezi na hauna pa kushika. Mtu huingia kwa urahisi, kutoka hawezi.

Jaketi lichaguliwe kwa uzito ulioandikwa ndani yake, siyo kwa umri, na lisiwe "la kukulia". Lifunge, kisha linyanyue juu mabegani: likipita kidevu au masikio, ni kubwa. La mtoto mdogo liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu na kola inayobeba kichwa. Wekeni pia ufukweni dumu la lita 5 lenye maji kidogo ndani ili lirushike mbali, kizibo kimekazwa, kamba ya mita 15 imefungwa mkononi mwake. Anayezama arushiwe hilo. Anayemfuata majini mikono mitupu mara nyingi humwongezea mwokoaji mtu wa pili.

Maji yamekuwa ya kijani kama rangi ya kupaka ukuta. Tujuaje kama ni hatari?

Chovya kijiti. Kikitoka na nyuzi zinazoning'inia kama nywele, huo kwa kawaida ni mwani wa nyuzi, ambao ni kero zaidi kuliko sumu. Kikitoka kana kwamba kimechovywa kwenye kopo la rangi, shuku bakteria za kijani-buluu. Jaribio la pili: vaa glavu, jaza chupa pana robo tatu kwa maji yaliyo chini kidogo ya uso, funga, iweke kwenye friji usiku kucha bila kuitikisa. Ukijani ukilala chini, ni mwani wa kawaida. Ukielea juu kama pete au utando, fungeni ufukwe na mpeleke sampuli maabara, maana majaribio haya hayapimi sumu.

Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Aliyegusa maji hayo aoge kwa maji safi. Mbwa huathirika kuliko wote kwa kuwa hulamba manyoya yake, naye aoshwe kabla hajajilamba. Chanzo chake huwa ni fosforasi inayotoka kwenye mbolea, mifugo na vyoo vya karibu, ikikutana na joto na utulivu wa maji. Ukanda wa nyasi na vichaka wa mita 30 kuzunguka bwawa hufanya kazi kubwa kuliko dawa yoyote ya kumwaga.

Samaki wengi walikutwa wamekufa asubuhi baada ya usiku wa upepo na baridi. Kuna mtu ametia sumu?

Huenda hakuna. Maji ya chini, yaliyokaa kwa muda mrefu bila oksijeni, yamechanganyika na ya juu. Dalili ni harufu ya mayai viza, samaki wakubwa kufa kabla ya wadogo, na waliobaki kuhema kwenye uso wa maji alfajiri. Mkiona kuhema huko mapema, washeni pampu irushe maji hewani. Ikiwa wadogo na wakubwa wamekufa pamoja, na vyura na wadudu nao, ndipo muite wachunguzi.

Bwawa jirani linanitaka nioshe boti kabla ya kuingia. Boti yangu ni safi kwa macho. Kwa nini wananisumbua?

Kwa sababu kinachoogopwa hakionekani. Viluwiluwi vya kome vamizi ni vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona, na husafiri katika maji yaliyobaki kwenye tumbo la boti, tangi la samaki na mguu wa injini. Kipande kimoja cha gugu maji kilichonaswa kwenye trela nacho kinatosha. Bwawa la Kariba lilipoanza kujaa kuanzia 1958, gugu linaloitwa Salvinia lilienea kwa kasi hadi mnamo 1962 likafunika takriban moja ya tano ya uso wake.

Ondoa kila jani na tope ungali kwenye bwawa unalotoka. Fungua vizibo vyote, shusha mguu wa injini umwage maji, kisha kausha kwa siku 5 kamili kwenye jua kavu, au zaidi kukiwa na unyevu. Ukiwa na haraka, tumia maji ya moto ya nyuzi 60, ukiyaelekeza polepole mahali pamoja badala ya kupitisha tu. Chambo kilichobaki kisimwagwe majini, wala samaki hai asihamishwe kutoka bwawa moja hadi jingine.

Bwawa jipya lina samaki wengi ajabu. Hali hii itadumu?

Kwa miaka michache. Majani na udongo uliofunikwa na maji huoza na kulisha kila kiumbe, samaki huongezeka haraka, kisha chakula hicho huisha na idadi hushuka. Kuna jambo jingine la kujua kabla hujawajaza watoto sahani. Uozo huo huo hugeuza zebaki iliyokuwemo ardhini kuwa ya aina inayoingia mwilini, na samaki wa bwawa jipya wanaweza kuibeba kwa miaka 10 hadi 30. Hujikusanya zaidi kwa samaki wakubwa walao wenzao. Fuata tangazo la wapimaji wa bwawa lenu, kula samaki wadogo na wale wanaokula majani, na mjamzito awaache kabisa wale wakubwa wenye meno.